Mkeka, Rangi, Mama Mmoja

Nimetakiwa nijieleze kwa maandishi, kabla ya saa tisa alasiri siku ya Ijumaa, kwa nini kwenye kisanduku namba kumi na moja cha fomu ya kuazimisha kazi za sanaa niliandika maneno ambayo si tarehe. Barua imesainiwa na watu watano na ina mihuri saba, kwa hiyo naona jambo lenyewe ni zito. Mimi ni mtumishi mtiifu. Nitaeleza yote tangu mwanzo na sitaruka kitu.

Jina langu liko kwenye jalada. Cheo changu ni Mwandishi wa Vibandiko, Daraja la Pili, katika Jumba la Sanaa la Taifa. Kibandiko ni kile kikaratasi kinachobandikwa pembeni ya kazi ya sanaa ili mtazamaji aelezwe anachokitazama, maana bila kibandiko mtu anaweza kutazama kitu akafikiri ni kile anachokiona. Maneno arobaini, yasizidi. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na minne. Nchi yetu siitaji kwa jina, kwa kuwa Sheria ya Hadhi ya Jina inamtaka anayelitaja awe amesimama, na mimi naandika nimekaa.

*

Palikuwa na fundi rangi mmoja aitwaye Nuhu, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, akichora mabango ya vinyozi na washona viatu katika mtaa wa Nyuma ya Mahakama. Hakuwa msanii. Msanii kwetu ni mtu mwenye kadi, na yeye kadi hakuwa nayo. Mlango wa ofisi yangu aliuandika yeye: VIBANDIKO, kwa rangi ya buluu. Nilimwambia azibane herufi kidogo ibaki nafasi ya kuweka namba ya jengo. Alicheka akasema, "Mzee, herufi nazo zinapumua. Ukizibana sana unazinyonga." Nikamwacha, na namba ya jengo ikawekwa juu ya dirisha.

Basi muuza maziwa wa mtaa ule alimwomba amchoree ukutani picha ya Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, kwa kuwa duka lisilo na picha ya Mlezi hufungwa. Angeweza kunakili picha iliyo kwenye stempu, kama wanavyofanya wenzake. Lakini Nuhu alikuwa amemwona Mlezi kwa macho yake mara moja, siku ya gwaride, alipokuwa juu ya ngazi akimalizia kupaka nguzo za jukwaa. Akamchora alivyomwona: mzee mnene mwenye medali nyingi, kidevu kimelala kifuani, mdomo wazi kidogo, amepitiwa na usingizi huku wanajeshi elfu nne wakimpigia saluti. Walioiona picha ile wanasema haikuwa na kejeli hata chembe. Wanawake waliokwenda kununua maziwa walikuwa wakishusha sauti wasije wakamwamsha.

Ilidumu siku mbili. Siku ya tatu ukuta ulipakwa chokaa, duka likapakwa chokaa, na muuza maziwa mwenyewe aliponea chupuchupu. Nuhu walimchukua asubuhi, barazani kwa mama yake, kikombe cha chai kikiwa mkononi. Katika purukushani kandambili yake ya kushoto ilimchomoka. Mama yake, Bi Mwanakombo, aliiokota akakimbia nayo nyuma ya gari hadi kona akipiga kelele, "Ngojeni jamani, hajavaa! Mnampeleka mguu mtupu?" Gari halikungoja.

*

Baada ya miezi mitano mama aliletewa shati la Nuhu. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, na juu yake pamebanwa karatasi: "Mwenye nguo hii haihitaji tena." Bi Mwanakombo akauliza mwili uko wapi. Akajibiwa kwa upole kwamba Idara ya Nguo haishughuliki na miili, na Idara ya Miili bado haijaundwa, ingawa bajeti yake imepita.

Akafanya ambalo mama yeyote wa mtaani kwetu angelifanya. Akatandika mkeka. Mfiwa hukaa chini, watu wakaja kumpa pole, maiti ikazikwa, na siku ya tatu matanga yakaanuliwa: mkeka unakunjwa, mtu anarudi jikoni kwake. Lakini matanga ya mtu asiyezikwa yanaanuliwaje? Siku ya tatu ikapita, ya saba ikapita, ya arobaini ikapita. Alipoona pale barazani wanaomwona ni majirani tu, akauhamishia mkeka kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya Kituo Kikuu cha Polisi, akaiweka ile kandambili ukingoni, akakaa. Mkeka wenyewe ulikuwa wa ukili mweupe, futi sita kwa nne, na kwenye kona moja una doa la rangi ya buluu, pale Nuhu alipozoea kupangusia brashi. Mkono wake mama huyu haukutoka juu ya lile doa. Aliyemuuliza anafanya nini alimjibu, "Nakaa matanga. Nipeni mwanangu nimzike, nitaondoka leo hii hii."

Inspekta alitoka na pingu. Kosa lilikuwa Kumwombolezea Mtu Ambaye Serikali Haijamtangaza Kufa, miaka sita, hakuna dhamana. Na hakika angefungwa, lau lisingepita gari la Profesa Kasinde.

*

Profesa Kasinde ndiye mwenyekiti wetu wa Kamati ya Taifa ya Kutambua Sanaa. Alikuwa amerudi wiki ile kutoka ng'ambo na Nadharia ya Yaliyonipata, na alikuwa anaitafutia mahali pa kuitumia. Alikwisha kutufundisha kwenye semina ya siku tatu. Zamani, alisema, msanii aliishi maisha, kisha akatengeneza kitu kinachoyahusu. Huo ni upotevu wa muda. Sanaa ya leo inayachukua maisha yenyewe, yakiwa bado ya moto, na kuyaweka ukumbini. Niliuliza, kwa nia ya kujifunza, maisha yakishawekwa ukumbini mwenyewe ataishi nini. Profesa alisema hilo ni swali zuri, tukaenda kunywa chai.

Sasa akaruka kutoka garini mlango ukiwa wazi. "Msimguse! Mnaharibu!"

"Tunaharibu nini, Profesa?" aliuliza Inspekta.

"Kazi!"

"Kazi gani? Mimi naona mama amekaa chini."

"Ndiyo maana wewe ni polisi. Tazama! Mkeka. Kiatu kimoja. Utupu mahali pa kiatu cha pili. Wenzetu ng'ambo wanahangaika miaka hamsini kukipata kitu hiki, na huyu mama amekipata peke yake, kando ya mtaro!"

Inspekta akapiga simu juu. Aliyekuwa juu akapiga simu juu zaidi. Na huko juu zaidi, ninavyoambiwa, walifurahi mpaka wakaagiziana soda. Maana ukilitazama jambo kiserikali, kama yule mama yuko msibani, basi kuna maiti, na kama kuna maiti, kuna aliyeua. Lakini kama ni sanaa, hakuna kilichotokea, na kimetokea kwa ustadi mkubwa. Pingu zikarudishwa ndani na yakaletwa maua.

Bi Mwanakombo alikataa maua. Alikubali kuhamia Jumba la Sanaa kwa neno moja tu. Profesa alichuchumaa mbele yake akamwambia, "Mama, siku ya ufunguzi Mheshimiwa Mlezi atakuja mwenyewe. Atasimama mbele yako, karibu kama mimi hivi."

"Nitaweza kusema naye?"

"Kazi iko huru kusema, mama."

Akaanza kukusanya vitu vyake. Nilikuwepo na daftari langu. Aliponiona nimesimama tu akaniambia, "Nishikie kona hiyo, mwanangu, mkeka usiburute." Nikaishika. Kisha nikarudi ofisini nikaandika kibandiko, na kwa kuwa nimeahidi kutoruka kitu, nakinukuu: "Mkeka. Mwaka huu. Ukili, rangi ya mafuta, kandambili, mama mmoja. Futi sita kwa nne. Mali ya Taifa. Usiguse." Kilikuwa na maneno machache kuliko vyote nilivyopata kuandika, na nilipongezwa kwa birika zima la kahawa kwenye kikao cha Jumatatu. Nilikwenda nyumbani nikajisikia vizuri.

*

Siku ya ufunguzi Mlezi aliketishwa kwenye kiti chekundu hatua nne kutoka kwenye mkeka. Waziri wa Utamaduni, Hisia na Mapokezi, Mheshimiwa Eufrasia Mtengule, alifungua kwa hotuba.

"Mheshimiwa Mlezi, Mlezi wa Walezi," alisema, "chini ya uongozi wako hata huzuni imepata maendeleo! Wakati wa mkoloni watu wetu walilia ovyo ovyo, majumbani, bila mpangilio. Leo wanalia ndani ya jengo lenye kiyoyozi!"

Makofi yakapigwa. Kisha Profesa akaanza kuifafanua nadharia yake, na dakika ya kumi na mbili Mlezi akapitiwa na usingizi. Kidevu kikashuka kifuani, kwenye medali. Mdomo ukaachia kidogo. Waziri akashusha sauti, wapiga picha wakageuza kamera ukutani, na ukumbi mzima ukaanza kutembea kwa ncha za vidole.

Bi Mwanakombo alimtazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake na gundi yangu, nikamsikia. "Mwanangu alimpatia," alinong'ona. "Ee Mola wangu, alimpatia vilevile. Hata ule mdomo." Akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa la mama anayeonyeshwa daftari la mtoto aliyefaulu. Siku zote nilizomjua sikuliona tena.

Mlezi alipozinduka, mama alikuwa amekwisha kupiga magoti. "Mheshimiwa, mimi ni mama yake Nuhu fundi rangi. Sina ugomvi. Sitaki kujua nani na nani. Mwanangu yuko wapi? Mmemzika wapi? Nionyesheni nikamzike vizuri, nianue matanga yangu."

Mlezi alimtazama, akautazama mkeka, akaitazama kandambili. Halafu akaanza kupiga makofi, polepole, na watu mia tatu wakafuata kwa kasi ileile.

"Safi sana," alisema. "Nimeguswa hasa. Swali hili liulizwe kila siku."

*

Likatoka kwenye Gazeti la Serikali: Swali litaulizwa saa nne kamili asubuhi, isipokuwa sikukuu. Majirani wa Bi Mwanakombo waliokuwa wakija kukaa naye waliruhusiwa kuingia kwa foleni, dakika tatu kila mmoja, nyuma ya kamba. Kumwambia "pole" kulikatazwa, kwa sababu kuzungumza na kazi ya sanaa ni kuingilia maana yake. Niliwaona wanawake watu wazima wamesimama nyuma ya kamba ile, mikono imeshika vifua, midomo imefumbwa. Mmoja alikuwa amemletea uji kwenye chupa ya chai. Ulichukuliwa mlangoni, ukaandikishwa kama mchango wa vifaa.

Kila siku saa nne kengele iligongwa, naye akauliza. "Mwanangu yuko wapi? Mmemzika wapi?" Wanafunzi wa chuo waliandika. Wageni wa balozi walitikisa vichwa. Mwanzoni alikuwa anauliza huku akimtazama kila mtu usoni, kwa zamu, akidhani huenda huyu ndiye anayejua. Baadaye alikuwa akiliuliza lile doa la buluu. Siku ya thelathini Kamati ilinituma nimpelekee barua kwamba tathmini inaonyesha machozi yamepungua kwa asilimia arobaini na anaombwa kurudi kwenye kiwango cha awali. Nilimpelekea. Kazi yangu ni kupeleka. Aliisoma yote, akaikunja, akaniambia, "Hukufundishwa kuona haya, mwanangu?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananiuliza kama anavyouliza mtu aliyekuta mtoto wa jirani hajapelekwa shule.

*

Kwenye pembe ya ukumbi huwa anakaa mlinzi, Koplo mstaafu Athumani Pazi, mtu mzito, asiyezungumza. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa dereva wa idara ambayo haina kibao mlangoni. Kazi yake hapa ni kumkaripia anayegusa. Hebu fikirini: mtu huyu alikaa kwenye kiti chake akalisikia swali lile saa nne ya kila siku, siku sitini.

Siku ya sitini na moja kengele iligongwa, Bi Mwanakombo akauliza, na kabla wanafunzi hawajaandika Koplo Pazi akainuka. Akavua viatu. Akaivuka kamba, akakaa kwenye mkeka.

"Mama," alisema, "gari niliendesha mimi."

Bi Mwanakombo alimgeukia.

"Ni kwenye machimbo ya kokoto, ukishapita kizuizi cha pili, mkono wa kushoto. Kuna mikaratusi mitatu. Yuko chini ya ule wa katikati. Sikumpiga mimi, mama, lakini gari niliendesha mimi. Niliwaambia tumlaze ubavu wa kulia, aelekee Kibla. Hilo ndilo nililoliweza. Jingine lolote sikuliweza."

"Alikuwa anaogopa?" aliuliza mama.

Koplo alifunga macho. "Alikuwa anaogopa, mama."

"Ahsante kwa kutonidanganya."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu walisimama, wakapiga miluzi, binti mmoja mwanafunzi alilia akamwambia mwenzake kwamba hajapata kuona uigizaji wa namna ile. Katikati ya kelele zote hizo Bi Mwanakombo aliinuka, akaivaa kandambili ya Nuhu mkononi kama glavu, akaanza kuukunja mkeka. Makofi yakaongezeka. Profesa Kasinde, uso umemng'aa, alipanda juu ya kiti. "Sehemu ya pili!" alipaza sauti. "Kazi inatembea! Tuifuate!"

*

Ndivyo ilivyotokea kwamba serikali yetu ilimsindikiza yule mama hadi kaburini kwa mwanawe kwa magari kumi na manne, basi moja la chuo na gari la matangazo. Kwenye kizuizi cha kwanza askari walitaka kibali. Profesa akatoa kichwa dirishani akasema, "Ni sanaa." Wakainua chuma. Kwenye kizuizi cha pili, ambako hata mbuzi huwa haruhusiwi kupita, aliyekuwa zamu alipiga saluti na kutuuliza kama tunahitaji maji.

Mikaratusi ilikuwa mitatu. Wanafunzi walichimba wakiwa na glavu nyeupe za kushikia picha, na mwanzoni walikuwa wanacheka na kuulizana nani alikuja kufukia vifaa mapema. Ilipofika futi nne waliacha kucheka.

Kilichotoka kwanza ni kandambili ya kulia. Gidamu yake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa gunia. Bi Mwanakombo aliivua ile ya kushoto mkononi, akazilaza pamoja juu ya kokoto, na gidamu ya hii nayo ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa gunia, mishono ileile, ya mkono wake. Kisha akashuka shimoni mwenyewe, kwa magoti, na hakuna aliyemzuia.

Profesa alisogea ukingoni akachungulia. Alipogeuka alinishika mkono wa shati, mimi, Daraja la Pili, ambaye hata jina langu alikuwa hakumbuki.

"Hii..." alisema. "Hii ni kweli?"

Aliyemjibu ni mama, kutoka chini. "Ni Nuhu, Profesa."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akakaa chini kwenye kokoto na suruali yake nzuri. Tangu siku ile hajaandika neno. Chuo kinasema yuko likizo.

*

Kamati ilikaa siku mbili mfululizo chini ya Waziri mwenyewe, na tatizo lilikuwa kubwa. Nuhu akiwa maiti, kila kitu kinarudi pale pale kwenye maiti na aliyeua. Waziri Mtengule ndiye aliyepata njia. Ikiwa mkeka ni kazi ya sanaa, alisema, na ikiwa kilichopatikana kimepatikana katika mwendelezo wa kazi hiyo, mbele ya kamera na kwa gari la serikali, basi kilichopatikana ni sehemu ya kazi. "Tusiruhusu urithi wa Taifa ufukiwe ardhini," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa uzalendo. Ikapitishwa.

Koplo Pazi hakukamatwa, maana kumkamata kungekuwa kukiri alichosema. Alipewa cheti cha Mwigizaji Bora wa Mwaka. Amekitundika ukutani kwake, upande wa maandishi ukitazama ukuta.

Na Nuhu akawekwa ghalani kwetu, rafu namba tisa, baridi nyuzi kumi na tisa, kati ya tembo wa udongo na sanamu ya Mlezi alipokuwa kijana. Niliagizwa niandike kibandiko chake: Mkeka, Sehemu ya Pili. Nilikaa mezani tangu asubuhi mpaka ofisi ikafungwa. Nilipeleka karatasi nyeupe. Hilo nalo limo kwenye jalada langu, kosa la kwanza.

*

Sasa nafika kwenye fomu. Jumanne, saa tatu, Bi Mwanakombo alikuja ofisini kwangu. Hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni akipitisha kidole kwenye herufi, moja baada ya nyingine, V mpaka O.

"Hii ni kazi yake."

"Ndiyo, mama. Aliniandikia yeye."

Akaingia akakaa. Alikuwa amekwenda kwa Waziri kumwomba mwili, na Waziri alimweleza kwamba mali ya Taifa haitolewi, ila kanuni ya kumi na saba inaruhusu kazi ya sanaa kuazimishwa kwa mtu binafsi mwenye mahali panapofaa pa kuionyeshea. Alikuwa na kibali, kimesainiwa. Iliyobaki ni fomu tu, na fomu ziko kwangu. Nikaitoa. Tukaanza kujaza, mimi nikiuliza, yeye akijibu, kama zinavyotaka kanuni.

"Jina la kazi?"

"Nuhu."

"Imetengenezwa na nani?"

Aliinua macho. "Andika mimi na marehemu baba yake."

Nikaandika. Hali ya kazi wakati wa kuchukuliwa. Alisema niandike kwamba mbavu mbili zimevunjika, na kwamba hazikuvunjika nyumbani kwake. Nikaandika. Vifungashio: sanda. Mahali itakapoonyeshwa: makaburi ya mtaa, kando ya baba yake. Mwanga unaohitajika: hakuna. Watazamaji wanaotarajiwa. Hapo alifikiri kidogo akasema, "Mimi, nikipata nguvu ya kwenda." Nilikuwa naandika lakini karatasi sikuwa naiona vizuri, na doa la maji lililopo kwenye kisanduku namba tisa, ambalo barua yenu pia inaniuliza, ni langu.

Tukafika kisanduku namba kumi na moja. Kinasema: Tarehe ya kurudisha. Na chini yake, kwa herufi nzito: Lazima kijazwe.

Nilimsomea. Mikono yake ilikuwa juu ya mfuko wa nailoni aliobebea sanda, mpya, bado ina harufu ya dukani.

"Nimrudishe lini, mwanangu?" aliniuliza.

Aliuliza kwa unyenyekevu. Alikuwa tayari kwa siku yoyote ambayo ningemtajia. Ningesema mwezi ujao angeitikia, akamzika mwanawe akijua mwezi ujao atamfukua, ili mradi amlaze japo mara moja. Watu wetu tumewafikisha hapo. Sisi, kwa vibandiko vyetu. Nililia, waheshimiwa, mbele ya mwombaji, saa za kazi.

Kisha nikachukua kalamu, nikaandika bila kubana, nikiipa kila herufi nafasi yake ya kupumua: Siku ya Kiama. Nikapiga muhuri. Akasoma, akaweka sahihi yake chini, tukashuka wote wawili ghalani kwenye rafu namba tisa.

Alizikwa alasiri ile. Koplo Pazi alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Siku ya tatu matanga yalianuliwa, na kwa kuwa mkeka ni mali ya Taifa nilihudhuria kama mwakilishi wa Jumba, nikashika kona moja na yeye akashika nyingine, ile yenye doa, tukaukunja. Akasema, "Haya," akaingia jikoni kwake. Mkeka umerudishwa ukumbini na uko mahali pake, umekunjwa. Kibandiko nimekibandua.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Mnaniuliza kwa nini nilifanya vile, na jibu langu ni kwamba kanuni inakataza kuacha kisanduku wazi, na tarehe nyingine sikuiona.